Wakuu mlioko Uingereza, siku wanakijiji wanapofungua bustani zao msikae ndani

Mnyalu_Midlands:
Wakuu salaam. Naona humu kila kipindi cha joto mnaoishi Uingereza mnaulizana wikiendi twende wapi, na majibu ni yale yale, baharini, madukani, nyama choma kwa fulani. Leo nawaletea kitu ambacho kipo karibu na mlango wako, kibao cha njano kando ya barabara kimeandikwa bustani ziko wazi leo na mshale, sisi tunapita na gari tunasema hayo mambo ya wazungu wazee, tunasonga.

Iko hivi. Vijiji vingi vya huku, hasa kuanzia mwisho wa mwezi wa 5 mpaka wa 8, vinachagua Jumamosi au Jumapili yao, wenye nyumba wanaotaka wanafungua mageti na watu baki wanaingia kuangalia bustani. Sio bustani ya serikali wala ya hoteli, ni uani kwa mtu kabisa, unapita chini ya dirisha la jiko lake unaona mpaka vyombo kwenye sinki. Unafika unapaki kwenye shamba ambalo limefyekwa kwa ajili ya siku hiyo, unaenda ukumbi wa kijiji au kanisani unalipa mara moja, sehemu nyingi nilizopita ni kati ya paundi 5 na 10 kwa mtu mzima na watoto bure, unapewa karatasi ya ramani yenye namba za nyumba, basi unazunguka kwa mguu unavyotaka mwenyewe. Hiyo hiyo tiketi inakuingiza kote.

Sasa kwanini nimefungua uzi. Waingereza tunawajua, unaweza kukaa mtaa mmoja na mtu miaka na miaka, mazungumzo yenu ni mvua na baridi, ndani kwake hujui hata ukuta una rangi gani. Lakini mtu huyo huyo ukimkuta amesimama kwenye tuta lake la maua siku hiyo, ukamuuliza swali moja tu la maana kuhusu mmea, mathalani hii umeifanyaje isiliwe na wadudu, umekwisha habari yako, hutoki hapo mpaka chai ipoe. Mimi nasema hii ndo njia rahisi kuliko zote ya mgeni kuingia kwa Mwingereza na kuongea naye kama binadamu, kuliko baa, kuliko ofisini, na kuliko hizo kozi za utangamano tunazopelekwaga.

Mfano mzee mmoja huko Worcestershire, ana hosta kwenye vyungu ukuta mzima. Hosta kwa wasiojua ni mmea wa majani tu, maua yake ya kawaida sana, na adui yake ni konokono, wale wenye gamba na wale wasio na gamba, usiku mmoja wanaacha majani yana matundu kama chekecheke. Nikamuuliza swali lile la wadudu. Akaniinamisha, akageuza jani moja upande wa chini nione, halina tundu hata moja, akanionyesha utepe wa shaba alozungushia kila chungu, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba utepe wenyewe haamini sana, kinachosaidia ni yeye kutoka na tochi saa 5 usiku na ndoo kuwaokota mmoja mmoja. Mke wake kwa nyuma anatikisa kichwa. Tukaishia kuongelea goti lake, kazi yangu, na kwanini Iringa kuna baridi wakati ni Afrika. Mzee huyo ningekutana naye kwenye basi asingenisemesha neno.

Nitarudi na mambo ya keki, ngoja niingie shifti.

mzeewakazi:
Mkuu yaani nitoe paundi 8 nikaangalie maua ya mtu? Si naangalia ya jirani bure dirishani. Hiyo hela napata kuku mzima na chenji inabaki.

Kibosho Juu:
Natia kambi hapa, nasubiri mambo ya keki.

dogo_wa_Reading:
Swali mkuu, ukitokea pale mweusi peke yako kijijini wanakuangaliaje? Usije ukatupeleka watu tukapigiwa polisi.

Mnyalu_Midlands:
Nimetoka shifti, niwajibu.

@mzeewakazi kuku kaa naye, ila hela haiendi mfukoni kwa mwenye nyumba, hapo ndo penye utamu wa stori. Huku zamani kabla ya NHS, huduma ya afya ya serikali, kuanza 1948, manesi wanaozungukia wagonjwa majumbani walikuwa wanalipwa kwa michango ya watu. Malkia Alexandra alifariki 1925, taasisi iliyokuwa inasimamia hao manesi ikawa inatafuta namna ya kuchangisha kwa kumbukumbu yake, mama mmoja kwenye baraza lao, Elsie Wagg, akatoa wazo: nchi hii imejaa bustani nzuri zimefungiwa ndani ya kuta, hebu wenye nazo wafungue watu waingie kwa shilingi moja kila kichwa. Mwaka 1927 zikafunguliwa bustani 609 na zikapatikana zaidi ya paundi 8,000, kwa hela ya wakati ule sio mchezo. Ndo ikazaliwa National Garden Scheme, hao wenye vibao vya njano, na kitabu chao cha orodha kila mwaka kina gamba la njano mpaka watu wanakiita hivyo hivyo kitabu cha njano. Sasa hivi ni bustani kama 3,500 England, Wales na Northern Ireland, na kwa mwaka wanatoa zaidi ya paundi milioni 3 kwa mashirika ya kuhudumia wagonjwa kama Macmillan, Marie Curie, Parkinson's UK na wengineo. Scotland wana ya kwao tangu 1931.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani, manesi wa Macmillan nakutana nao kwenye nyumba ambazo hali imeshakuwa ya mwisho mwisho, najua wanafanya nini pale. Kwahiyo mimi paundi 8 nikitoa siumii kabisa, na skonzi nakula.

Angalizo, sio kila kijiji kiko chini ya hao wa njano. Vingine wanachangisha paa la kanisa, vingine ukumbi wa kijiji, vingine shule. Soma kibao.

@dogo_wa_Reading swali zuri na sitakudanganya. Watakuangalia, ndio. Sehemu nyingi utakuwa mweusi pekee yako au na familia yako tu, na wastani wa umri ni miaka 65 hivi kwa macho yangu. Lakini kuangaliwa huko kunaisha ukishika karatasi ya ramani mkononi, maana karatasi ile inasema huyu kalipa, ni mgeni wa leo, kila mtu anakusalimia. Kuna yule mmoja atakuuliza umetoka wapi kisha umetoka wapi hasa, yupo kila kijiji, mjibu umrudishe kwenye mawaridi yake. Ila mimi sijawahi kufukuzwa wala kufuatwa nyuma.

Binti Tanga:
Mmenikumbusha. Mimi niko Kent, nilienda moja ya hizi mwaka jana, sebuleni kwa bibi mmoja (ilinyesha akatuingiza ndani) dirishani amepanga vyungu vya yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, african violet wanaita. Nikamwambia bibi haya ni ya kwetu. Akacheka akadhani namaanisha Afrika kwa ujumla kama wanavyofanyaga. Nikamwambia hapana, Tanga, milima ya Usambara. Enzi za Wajerumani kulikuwa na mtawala wao pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, 1892 akayaokota akampelekea baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Wendland akayaandika na kuyaita Saintpaulia kwa jina la ukoo wao, baba na mwana. Leo yako kwenye madirisha ya dunia nzima na kule kwetu Usambara spishi zingine zinakaribia kuisha kwa sababu msitu unaliwa, mengine yameshikilia kwenye mwamba mmoja penye kivuli basi. Bibi alinyamaza kabisa. Halafu akanipa jani moja, yanaota kwa jani, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu. Sasa hivi nina chungu changu.

Afu kuna lingine. Yale maua wanaita bizi lizi, wanajaza kwenye vyungu vya kivulini, mekundu, ya pinki, meupe. Hayo nayo ni ya Afrika Mashariki. John Kirk alipokuwa balozi wa Uingereza Zanzibar alipeleka Kew, ile bustani kubwa ya mimea London, na 1882 yakapewa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Jina likaja kubadilika baadaye lakini historia ndo hiyo. Mwaka 2011 yakashikwa na ukungu huku Uingereza yakafa karibu yote, miaka kadhaa hukuyaona madukani, sasa yamerudi ya mbegu zinazohimili, na aina mojawapo inauzwa kwa jina la Imara, kasome pakiti.

Kwahiyo mimi nikienda bustani za watu siendi kama mgeni, naenda kukagua mali zetu 😂

mzeewakazi:
@Binti Tanga umeua. Hapa nimeanza kulegea.

Kibosho Juu:
Na migomba je? Mimi niko Bristol, kuna jamaa mtaa wa pili ana mgomba mbele ya nyumba, kila mwezi wa 11 anaufunga na majani makavu na blanketi utadhani mgonjwa, mwezi wa 5 anaufungua. Nimemuuliza unazaa? Anasema hapana. Nikamuuliza sasa unafuga wa nini? Anasema majani yake mazuri. Niliondoka bila kuaga.

Mnyalu_Midlands:
Hahaha huo ni Musa basjoo, wanauita wa Kijapani ila asili yake ni Uchina, unavumilia baridi shina likifunikwa, ndizi zake hata zikitoka ni mbegu tupu. Utaikuta sana kwenye hizo ziara. Na kuna ule wa majani mekundu kama damu ya mzee, ule ni ensete, ndugu wa mgomba, huo asili yake ni Ethiopia kushuka mpaka kwetu, Waethiopia wa kusini ndo chakula chao kikuu, huku wanauchimba mwezi wa 10 wanauingiza gereji ulale mpaka majira ya joto.

Mwaka jana mwezi wa 8 nimekuta tuta moja lina mbarika, mchicha na maboga, vyote vimepandwa kama mapambo. Mbarika ile ile ya kwetu inayoota jalalani nyuma ya choo, hapa imewekwa katikati, imesimamiwa na fimbo, na ina kibao cha jina. Mchicha ni ule wa mikia mirefu myekundu inayoning'inia. Nikamwambia mwenye nyumba majani yake haya tunakula na karanga, akaita mumewe aje asikie. Ila ya mbarika nikamwambia asiguse, mbegu zake ni sumu kali, kumbe anajua, kibao kimeandikwa.

Kwenye sumu hapo niwaambie wenye watoto. Foksglavu, yale marefu yenye vikombe vya zambarau vimepangana upande mmoja wa fimbo, yako kila kijiji mwezi wa 6 na watoto wanapenda kuingiza vidole. Ni sumu ya moyo. Ndugu yake wa karibu ndo inatoka digoksini, ile dawa ya moyo tunayowapa wazee kwa vipimo vya kuhesabu. Watoto wenu washikeni mikono, na madimbwi pia, nyumba nyingi zina bwawa dogo la vyura halina uzio.

Njoro_254:
Wazee nasoma tu nikiwa Nakuru. Hapa kwetu ukifungua gate hivyo, jioni hata maua hakuna, na mbwa pia wameenda nayo.

Kibosho Juu:
@Njoro_254 😂😂 usiseme hivyo, kwetu uchagani watu wanapita kwenye kihamba cha mtu tangu enzi na enzi, njia ya kwenda mtoni inakatiza migombani kwa fulani na hakuna geti, mpaka ni masale tu, ile mimea tunayopanda mipakani. Na ukisema bustani, kihamba ndo bustani, miti mirefu juu, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na viazi, na mfongo wa maji unapita. Kihamba cha Shimbwe Juu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wamekitambua kama urithi wa kilimo wa dunia. Wazungu wanalipa Materuni na Marangu kutembezwa humo humo na kukaangiwa kahawa. Kwahiyo biashara hii tunayo, tofauti ni kwamba kule anayetembezwa ni mtalii, Mchagga wa Himo hawezi kulipa akaone kihamba cha Mchagga wa Kibosho, atakwambia mimi nina changu.

Mnyalu_Midlands:
Hapo umegusa. Huku anayelipa ni jirani wa kijiji cha pili. Wanaenda kuchungulia, tusidanganyane, nusu ya raha ni umbea, kuona nani ana nini nyuma ya fensi, nani ameweka plastiki badala ya nyasi. Nimesikia wamama wawili wanaijadili nyasi ya plastiki kwa huzuni kabisa ya msibani.

Mama Shamba:
Naomba niongee upande wa pili maana naona wote humu ni wageni wa kuingia. Mimi nimeolewa huku, niko kijijini Shropshire, bustani yetu tumeifungua na majirani. Jamani kazi yake msiione hivi.

Hao wa kibao cha njano wana sharti, bustani iwe na cha kumshughulisha mtu kama dakika 45. Bustani yangu ukitembea pole pole ni dakika 10 umemaliza na umerudia, ndo maana vijiji vinajiunga, nyumba nane tisa pamoja zinatosha. Anakuja mtu wao wa kujitolea wa wilaya kuangalia kabla hamjakubaliwa. Bima ya mtu kuteleza wanashughulikia wao, hiyo ilinisaidia kumshawishi mume wangu.

Halafu kuna kuilenga tarehe. Maua hayasomi kalenda. Mkishatangaza Jumapili fulani ya mwezi wa 6 umejifunga. Mwisho wa mwezi wa 5, wiki ya maonyesho ya maua ya Chelsea kule London, unachukua mkasi unakata theluthi mpaka nusu ya mashina ya baadhi ya maua, flokisi, sedamu na jamii hizo, ili yachelewe kuchanua na yasianguke kwa urefu. Unakata vitu vizima vyenye afya roho inauma. Mingine huikati, ili mingine iwahi mingine ichelewe, siku ya watu pasiwe na tuta tupu. Magugu unang'oa mpaka usiku, maana huku saa 3 na nusu bado kuna mwanga. Na haya yote ukiwa unaomba mvua isije, au ije Alhamisi iishie hapo.

Na kuna wageni wezi. Bibi ana sura ya malaika, mkobani ana kimkasi, anakata kipandikizi kwenye waridi lako anatia mkobani. Mimi nilimuona kwa macho yangu nikanyamaza kwa sababu ni mgeni wa mama mkwe. Ukitaka kipandikizi omba, asilimia kubwa watakupa, na kuna meza ya miche inauzwa kwa ajili hiyo hiyo ya mchango, nyanya paundi moja, jeranio paundi mbili.

Keki sasa kwa @Kibosho Juu. Ukumbi wa kijiji unawekwa chai, skonzi na krimu na jamu, keki ya karoti, keki ya limau, ya kahawa na jozi. Nani kaoka nini ni siasa nzito kuliko uchaguzi. Mimi mwaka wa kwanza nilipeleka vitumbua na visheti, nikaviweka mwisho wa meza kwa woga, nusu saa sahani iko tupu na kasisi anauliza kama vipo vingine. Tangu hapo mimi ndo mama visheti, kwenye mkutano wa maandalizi wananiandika kabla sijaulizwa.

dogo_wa_Reading:
@Mama Shamba nimetamani. Mimi nakaa flati sina hata kibaraza, naweza kushiriki vipi?

Mama Shamba:
Njoo uongoze magari shambani, siku hiyo vijana ni dhahabu, wanaojitolea wote wana magoti mabovu. Na kama unataka kulima uliza halmashauri yenu habari za alotimenti, vile viwanja vya kukodi, kuna sheria ya tangu 1908 inazitaka halmashauri zitoe kukiwa na wahitaji. Kiwanja kizima ni kama mita 250 za mraba, wanagawa na nusu. Foleni ni ndefu, jiandikishe leo. Kwetu alotimenti nazo zinafunguliwa siku hiyo hiyo, na kwa maoni yangu ndo sehemu nzuri kuliko bustani za nyumba kubwa, maana pale unakuta mtu kapanda kitunguu saumu na maharage, mlango wa kibanda ni mlango wa zamani wa bafu, na anajua kila kitu.

Mnyalu_Midlands:
Naunga mkono. Nyumba kubwa za mawe zenye fensi ya kijani iliyokatwa kwa rula zinapendeza kwa picha, ila mara nyingi mwenye nyumba ana mtu wa kumtunzia, ukimuuliza swali anasema subiri nimwite fulani. Mimi ramani nikipewa naanza na namba za nyumba ndogo, zile za mstari mmoja zimebanana, halafu kubwa namalizia kama miguu bado ipo.

Mengine ya haraka haraka: pesa taslimu beba, vijijini mtandao unasumbua na mashine za kadi zinagoma. Viatu vya visigino hapana. Mbwa soma kibao, kwingine ruhusa akiwa na kamba kwingine hapana. Choo ni cha ukumbini, usiombe cha nyumbani kwa mtu. Picha za maua piga, za ndani ya nyumba usipige. Wahi saa 8 mchana wakifungua, saa 10 keki ya limau imeisha.

mzeewakazi:
Haya nimeelewa, kuku ataliwa Jumamosi bustani Jumapili. Swali la mwisho, hiyo miche ya mezani naweza kubeba nikienda likizo Bongo? Bi mkubwa anapenda mawaridi.

Binti Tanga:
Usibebe kienyeji mkuu. Mche unatakiwa uwe na cheti cha afya ya mimea cha huku na kibali cha kuingiza kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya kule Tanzania, na ule wa meza ya kijiji hauna hata karatasi ya jina. Mnunulie mawaridi Lushoto, yamejaa.